Tairi la Mbele Halifanani na la Nyuma

Tairi la mbele la pikipiki yangu halifanani na la nyuma, na sijaomba ushauri wa mtu. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulisikia. Nikisimama kwenye mataa ya Mwenge, bodaboda wanne watano watanizunguka, watainama kuchungulia chini, na mmoja lazima apaze sauti: "Sista, umeona tairi zako? Hazifanani!" Utadhani niliamka asubuhi nikazikuta hivyo. Trafiki mmoja aliwahi kunisimamisha, akaizunguka pikipiki mara mbili, akakosa kosa la kuniandikia, akaishia kuniambia kwamba haipendezi. Nikamuuliza kutopendeza ni kosa gani barabarani. Akaniambia niende zangu.

Nitaeleza mara moja, halafu basi. Pikipiki yangu ni ya mbio, ile ya kulalia tangi, ambayo ukishauzoea mkao wake vingine vyote unaviona kama baiskeli. Niliinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa anahamia mkoani, ambaye mkewe alikuwa hataki hata kuisikia ikiwashwa. Pikipiki za namna hii zimetengenezwa kwa ajili ya kona, na sisi huku barabara zetu zimenyooka, tena zina foleni. Kwa hiyo tairi la nyuma linaliwa katikati tu, kama kisigino cha ndala. Pembeni kashata zote, yale meno ya raba, zipo; katikati kipara. La nyuma lilipofikia hali hiyo, la mbele lilikuwa bado zima.

Wenye pikipiki kubwa wakasema badilisha yote mawili, jozi moja, kiwanda kimoja, usichanganye. Nikaizunguka Kariakoo nikitafuta jozi, sikuipata. Nilichopata ni tairi la nyuma la kiwanda kingine, saizi ileile inayotakiwa na pikipiki, limefumwa nyuzi za ndani kwa mtindo uleule wa la mbele, ila raba yake ngumu zaidi, raba ya safari ndefu. Nikapiga hesabu zangu. Mbele ndiko kwenye breki yenyewe na ndiko kunakoanza kona, kwa hiyo raba laini inayonata ibaki huko. Nyuma ndiko kunakoliwa, kwa hiyo ngumu ikae huko. Nililifikiria jambo hilo wiki nzima nikiwa kazini na sikuona kosa lake. Fundi aligoma kulifunga, akasema hataki damu yangu mikononi mwake. Nikakaa kwenye benchi lake, nikanywa chai yake, mpaka akalifunga.

Wala sikujirusha kichwakichwa. Jumapili asubuhi, barabara ikiwa nyeupe, nilikuwa natoka Kawe naelekea Kunduchi taratibu, nikilaza pikipiki kidogo kidogo kwenye kila kona. Siku za mwanzo nyuma ilikuwa inasita: mbele limeshaingia kwenye kona, nyuma bado linafikiri. Nikajifunza kulisubiri. Baada ya hapo tukaelewana, na tumeelewana mpaka leo.

Kazi yangu iko soko la vinyago, Mwenge. Wachongaji wakimaliza kuchonga, mimi ndiye ninayepiga msasa na kung'arisha. Kazi hiyo imenifundisha kutokuwa na haraka ya kukiamini kitu kinachong'aa. Mti mweupe ukiupaka dawa nyeusi ya viatu mara mbili tatu, ukausugua na kitambaa, mgeni ataubeba akijua kabeba mpingo. Mimi mteja akiniuliza namwambia ule ni upi na huu ni upi. Kuna majirani zangu wawili pale ambao hawaniitikii salamu kwa sababu hiyo, na ninawasalimia kila siku makusudi.

Sasa niseme kuhusu mdogo wangu, maana habari yote hii ni yake. Mama yetu alifariki yeye akiwa bado yuko shule ya msingi, nikamlea mimi. Tumetoka tumbo moja ila kila mtu na baba yake. Mimi mrefu, mweusi tii. Yeye mfupi, maji ya kunde, na uso wake hauna hata kipande kinachofanana na wangu. Tulipokuwa wadogo watu walikuwa wanatuuliza mbele ya macho yetu kama kweli sisi ni ndugu. Mjomba wetu, kaka yake mama, swali hilo lilikuwa linamuuma kuliko sisi wenyewe. Kwetu kusini mjomba ndiye mwenye watoto, na huyu alijiwekea dawa yake: kila Krismasi alitushonea nguo za kitambaa kimoja, mshono mmoja, mpaka utepe wa nywele mmoja. Nilizichukia zile nguo. Nilizivaa kwa sababu yake tu.

Nilipoipata pikipiki, mdogo wangu alikuwa anasoma chuo cha uuguzi. Nilimpeleka na kumrudisha miaka yote iliyobaki ya masomo yake. Alikuwa anakumbatia kiuno changu kwa mikono miwili na kulaza kofia yake ngumu mgongoni kwangu. Mara nyingine alikuwa analala. Nilikuwa nalijua hilo mikono yake ikianza kulegea, nampiga kofi la goti, anashtuka na kunikaza tena. Katika maisha yangu hakuna kitu nilichokipenda kama ile mikono, na sioni haya kuandika hivyo.

Alipopata mchumba na siku kupangwa, aliniambia jambo moja tu. Tulikuwa tunachambua mchele, mimi na yeye, nje ya mlango wetu Kawe. "Dada, mie siku zote nilikuwaga nyuma yako," alisema. "Siku ya harusi nataka wewe ndo utangulie. Uniongoze toka kanisani mpaka ukumbini. Nikitazama mbele nikuone." Nilijifanya nimeona jiwe kwenye mchele.

Kikao cha kamati ya harusi kikafuata. Mwenyekiti alikuwa mjomba, nani mwingine. Katika kamati ile hapakuwa na hoja iliyochukua muda kuliko sare. Bluu iliyoiva na dhahabu, kitambaa kutoka duka moja, na mjomba mwenyewe alikagua. Mama mkubwa alifika na bluu iliyokuwa imepauka kidogo kuliko ya wenzake, akarudishwa dukani akiwa na umri wake ule. Ilipofika zamu ya msafara, mgeni kutoka upande wa bwana harusi alisimama. Alikuwa kijana mtanashati mwenye pikipiki nyekundu ya mbio, nzuri, sikatai, na ilikuwa imepangwa tuongoze mimi na yeye.

"Mwenyekiti, samahani," alisema. "Mie na sista hatuna ugomvi. Ishu ni tairi zake. Mbele nyingine, nyuma nyingine. Sasa akidondoka pale mbele ya gari la maharusi, sura tutaziweka wapi?"

Mjomba alinigeukia taratibu. "Hazifanani?"

"Shikamoo mjomba," nikasema kwanza, maana nilijua nitakayoyasema baadaye hayatakuwa na shikamoo ndani yake.

"Marahaba. Nimeuliza, hazifanani?"

"Hazifanani. Na hata za kwake hazifanani, mwambie akatazame. Mbele nyembamba, nyuma nene. Hazifanyi kazi moja, mjomba, kwa nini zifanane?"

"Huo sasa ni ujuaji," yule wa pikipiki nyekundu akasema.

"Ndiyo, najua," nikamjibu. "We ulitaka niendeshe kitu nisichokijua?"

Watu wakacheka, mjomba hakucheka. Alisema katika harusi ile kila kitu kitafanana, kuanzia vitambaa vya meza, na kwamba mimi nitapanda basi dogo pamoja na kina mama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu vibaya. Mdogo wangu akaniwahi. Bi harusi huwa hasemi kwenye vikao hivyo, hukaa pembeni akainamisha macho, lakini yeye alisimama.

"Mjomba, dada asipokuwa mbele, mie gari sipandi. Nitatembea kwa miguu na shela langu."

Mjomba alikunja karatasi zake, akazikunjua, mwisho akasema sawa, nitakuwa mbele. "Lakini hizo tairi ntazishughulikia mwenyewe," akamalizia. Sikumwelewa. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyeshindwa.

Asubuhi ya harusi nilikuwa chumbani namvalisha mdogo wangu, ufunguo wangu uko mezani sebuleni. Mjomba akauchukua. Kuendesha hajui, kwa hiyo akaisukuma pikipiki yangu yeye na jirani mmoja, na suti yake ya harusi mwilini, mpaka kituo cha kuoshea magari pale kona ya barabara, ambako magari yote ya msafara yalikuwa yanaoshwa, pamoja na ile nyekundu. Nilipotoka chumbani kufuata pini, nikasikia ananiita uani kwa sauti ya mtu aliyeokota dhahabu.

"Njoo uone! Njoo uone mwenyewe!"

Nikatoka. Pikipiki yangu ilikuwa imesimama katikati ya uwanja, imefungwa riboni za bluu na dhahabu, na matairi yote mawili yalikuwa meusi tii yanameremeta. Walikuwa wameyapaka dawa ya tairi, ile wanayopaka kwenye magari yapendeze. Tena hawakuishia ubavuni. Walipaka duara zima, kashata zote, mpaka sehemu inayokanyaga lami.

"Sasa si zinafanana?" mjomba akasema. "Nani atajua?"

Kina mama wakapiga vigelegele. Nikaweka kidole kwenye tairi la nyuma, kikateleza kama nimegusa sufuria la maandazi. Gari lina magurudumu manne na halilali; ukilipaka dawa hiyo, pengine halitajua. Pikipiki inalala kwenye kona, na ikilala inasimama juu ya kipande cha raba kisichozidi kiganja. Matairi ambayo kila mtu aliyaogopa yalikuwa yananishika miezi na miezi. Haya yaliyofananishwa yangenimwaga kwenye kipilefti cha kwanza, chini ya gari la mdogo wangu.

Niliingia ndani, nikatoka na beseni, sabuni ya unga, brashi ya kufulia na mfuko wangu wa kazi. Nikapandisha sare yangu juu ya magoti, nikachuchumaa mbele ya wageni wote, nikaanza kusugua.

"Unafanya nini?" mjomba akauliza. "Unafanya nini, we mtoto?"

"Naitoa, mjomba. Inateleza. Itaniua."

"Wamepaka magari yote! Mbona hayo hayaui?"

"Hii si gari."

Povu lilikuwa jeusi, likaruka kwenye bluu iliyoiva na kwenye dhahabu. Sabuni ilipomaliza uwezo wake nikatoa msasa, ule ninaomalizia mpingo, nikalipiga kila tairi msasa duara zima, ubavu kwa ubavu, huku jirani akilizungusha gurudumu. Raba ikapauka, ikarudi kuwa raba. La nyuma likaonekana la nyuma, la mbele likaonekana la mbele. Mama mkubwa akasema nimeiharibu sare. Nikamwambia nitaifua.

Mjomba alikuwa bado amesimama pale pale. Hasira ilikuwa imemwisha usoni na palipobaki palikuwa na kitu kibaya zaidi ya hasira. Alisema kwa sauti ndogo, kina mama wasisikie: "Mie nilitaka mfanane, basi. Siku moja. Watu wa upande wa pili wasianze kuulizana."

Hapo ndipo nilipoziona zile nguo zote za Krismasi kwa mpigo, na utepe wa nywele. Nilimwonea huruma. Lakini sikuacha kusugua.

"Mjomba, sie hatujawahi kufanana," nikamwambia. "Wanaotaka kuulizana waulizane."

Aligeuka akaingia ndani, na kutoka hapo hatukusemezana mpaka kanisani.

Kanisani nilifika mapema, nikazunguka kiwanja kilichokuwa kando, kona pana, halafu nyembamba, halafu nyembamba zaidi, mpaka nikaridhika kwamba matairi yananishika. Yule mwenzangu alikuwa amekwisha egesha nyekundu yake mbele ya mlango, na kila mtu anapiga nayo picha. Nikainama kutazama. Katikati ya tairi lami ilikuwa imekwangua dawa, hapang'ai. Pembeni kote, kule pikipiki inakolalia, bado paliwaka kama kioo.

"Braza, toa hiyo dawa," nikamwambia. "Nina msasa hapa. Tunamaliza kabla misa haijaisha."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye yale madoa meusi ya sare yangu. Akatazama na watu waliokuwa wanapiga picha. "Sista, nimetoka nayo kule mpaka hapa, haijaniteleza hata kidogo. Hangaika na za kwako."

"Umekuja umenyooka. Subiri ulale."

"Sawa, fundi," akasema, na waliokuwepo wakacheka.

Nilikuwa nimemwambia. Maharusi walipotoka, wapiga matarumbeta wakaanza juu ya gari lao la wazi, mchele ukarushwa, na mjomba akaja kupanga msafara. Aliiona sare yangu mchana ule kwenye mwanga wote. Akasema kwa uso mkavu kwamba nyekundu itatangulia peke yake, mimi nikae kwenye basi, kwa hali ile siwezi kuonekana mbele ya watu.

"Siingii kwenye basi, mjomba."

"Nimeshasema."

"Na mie nimeshasema. Niite mkaidi, nifukuze kwenye ukoo kesho asubuhi, nitakuja nikupigie magoti. Leo sitoki hapa." Nikavaa kofia ngumu, nikawasha. Injini ile ikinguruma huwezi kuendelea na mazungumzo, na hiyo ni moja ya sababu ninaipenda.

Nyekundu ikaondoka, nami nyuma yake kidogo. Kutoka geti la kanisa kuingia barabara ya Mwenge kuna kona moja ya kushoto, ya kawaida tu, hata baiskeli ya kuuzia samaki inaikata. Alilaza pikipiki yake kwa madaha, kwa ajili ya picha. Nikaona tairi lake la nyuma linachomoka upande, kama mtu aliyekanyaga ganda la embe. Akashusha miguu yote miwili, pikipiki ikayumba, akaidaka kwa nguvu za mwili. Hakuanguka, namshukuru Mungu. Lakini alibaki pale pembeni, halafu akainua mkono na kunipungia: pita.

Nikapita. Nikaisubiri nyuma yangu isite, ikasita kama kawaida yake, ikafuata, nikalala kwenye ile kona na raba ikaishika lami.

Kwenye kioo cha pembeni nikaliona gari la maharusi linaingia nyuma yangu, na shela jeupe limesogea mpaka kwenye kioo cha mbele kabisa. Mdogo wangu alikuwa ananitazama. Matarumbeta yalikuwa yanalia, watu wa Kawe wametoka madukani wanapunga mikono, na mimi nililia ndani ya kofia mpaka nikaanza kuona ukungu. Kiuno changu kilikuwa kitupu. Mikono ile ilikuwa nyuma ndani ya gari imeshikwa na mtu mwingine, mtu mwema, na bado nilikuwa namwona mwizi. Nikamwongoza hivyo hivyo mpaka ukumbini, polepole, kila kona kwa usahihi wake, na sare yangu yenye madoa mbele ya sare zote zilizofanana.

Mjomba mpaka leo anasimulia kwamba upande wa bwana harusi walitupisha mbele kwa heshima, na kwamba aliyeongea nao ni yeye. Yule wa nyekundu hajawahi kumsahihisha. Mimi namsahihisha kila mara, mbele ya watu, naye kila mara anasema mtoto huyu mbishi, tangu zamani. Juzijuzi nilimkuta kwa mdogo wangu amesimama mbele ya picha ya msafara iliyotundikwa sebuleni. Mimi niko mbele na madoa yangu, na nyuma yangu shela. Aliitazama sana. Hakusema kwamba inapendeza, wala hakusema itolewe.

Wiki iliyopita mdogo wangu alikuja Mwenge, gari la mume wake limeharibika, anataka nimpeleke zamu hospitali. Alivaa kofia yake ya zamani, ambayo sijampa mtu. Kabla ya kupanda akainama, akatazama chini, mbele halafu nyuma.

"Bado hazifanani?"

"Bado."

Akapanda, akanikumbatia kiuno kwa mikono miwili. "Haya, twende," akasema.